Mpiganaji na mchawi kwenye meza moja: mchezo upi unawatendea haki wote wawili?

Tulikuwa tunacheza mchezo wa njozi wa mezani, ule ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo. Kundi lilikuwa limefika leveli ya 9, yaani ngazi ya tisa ya nguvu. Mbele yao lango la chuma, nyuma ya lango askari kumi na wawili, na juu mnarani mateka waliyekuja kumwokoa. Mchezaji wa mpiganaji alikuwa ameliwaza jambo hilo wiki nzima. Alikuwa na kamba na ndoano, na alikuwa ameuchora ukuta kwenye karatasi, akatia alama mahali pa kupandia. Akaanza kueleza. Hajafika nusu, mchezaji wa mchawi akainua kidole, kwa upole kabisa: "Samahani kaka, mimi si naweza kupaa? Nakuwa sionekani, namtoa mateka dirishani, narudi. Dakika tatu." Na kweli zilikuwa dakika tatu. Mpiganaji akakunja karatasi yake, akatoa simu, na jioni ile sikumpata tena.

Mimi ndiye niliyekuwa mwendesha mchezo, yaani msimulizi na mwamuzi wa meza, kwa hiyo lawama ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo kila anayetaka kuanzisha meza yake akiniuliza mchezo upi wa njozi una klasi (aina za wahusika, kama mpiganaji na mchawi) zenye uwiano, jibu langu humkera kidogo: karibu yote inao, ila kila mmoja umeuweka kwa sharti. Mkilitimiza sharti, mizani inakaa sawa. Mkilivunja, inalala upande mmoja, na mara nyingi ni upande wa mchawi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kuhusu watu wako. Wanakuja kila wiki, au mwezi mara moja? Wanasoma kanuni, au wanataka kurusha dadu tu? Wanapigana mara ngapi kabla wahusika wao hawajalala?

Wengi huupima uwiano kwa madhara, yaani nani anampunguzia adui pointi nyingi za uhai kwa zamu. Hesabu hiyo ni rahisi, ila haigusi kiini cha tatizo. Yule mpiganaji wangu alikuwa anaua vizuri tu. Kilichomnyima raha ni kwamba mwenzake alikuwa na jibu la mlango, la ukuta, la mto, na la mtu anayeficha siri, na yeye alikuwa na jibu la shingo peke yake. Ndiyo maana kila mchezo hapa chini nitaupima mara mbili: ndani ya pambano, halafu mbele ya lile lango.

Mizani ya zamani

Dungeons & Dragons (kwa kifupi D&D) ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka mwaka 1974 ikiwa na klasi tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi akaongezwa mwaka uliofuata. Wakati ule hakuna aliyetarajia klasi zilingane leo kwa leo, kwa sababu uwiano ulitandazwa juu ya miezi ya kucheza. Mfano mzuri ni toleo jepesi la mwaka 1981, ambalo siku hizi linachezwa upya kupitia Old-School Essentials ya Gavin Norman. Kanuni zake ni chache, na hesabu zake hazijifichi.

Mchawi wa leveli ya 1 hurusha dadu ya pande nne kupata pointi zake za uhai. Anaweza kabisa kuanza safari akiwa na pointi moja, yaani paka akimparua amekufa. Havai deraya, silaha yake ni kisu, na kichwani ana speli moja, uchawi mmoja ambao akishautumia umekwisha hadi kesho. Akibahatika kuwa na speli ya usingizi, atalilaza kundi zima la goblini, vijidubwana vidogo vya pangoni, bila wao kupewa nafasi ya kujitetea. Baada ya hapo ni mbeba taa. Mpiganaji naye ana dadu ya pande nane, deraya ya chuma, na upanga usioishiwa.

Halafu kuna jambo ambalo waliozoea matoleo mapya huwa hawaliamini: kila klasi ina bei yake ya kupanda. Leveli ya 2 humgharimu mwizi pointi 1,200 za uzoefu, kuhani 1,500, mpiganaji 2,000, mchawi 2,500, na elfi, ambaye hupigana na kuroga kwa pamoja, 4,000. Mkigawana sawa mpaka kila mmoja awe na 9,600, mwizi yuko leveli ya 5, mpiganaji ya 4, mchawi angali ya 3. Na pointi nyingi hutoka kwenye hazina mnayoitoa pangoni, sarafu moja ya dhahabu kwa pointi moja, kwa hiyo hata asiyepiga pigo lolote anapanda na wenzake.

Mchawi akifika leveli ya 5 anaweza kujifunza tufe la moto, na kuanzia hapo hamumshiki. Mvumilivu hula mbivu, ila hapa wavumilivu wengi huzikwa kabla ya msimu. Hilo ndilo sharti lenyewe: wahusika lazima waweze kufa, na kampeni, yaani hadithi moja inayoendelea kikao hadi kikao, lazima idumu. Mwendesha mchezo mwenye huruma, anayegeuza dadu nyuma ya kizuizi ili mchawi mchanga asife, amemsamehe deni ambalo mpiganaji yeye atalilipa lote uzeeni. Na kundi linalocheza vikao sita kisha likatawanyika limemla mchawi ujana wake bila kumpa chochote.

Mbele ya lango, mizani hii ina uzuri ambao matoleo ya baadaye yaliupoteza. Karatasi ya mhusika haina orodha ndefu ya ujuzi, kwa hiyo kamba, ndoano na mchoro wa ukuta ni mali ya yeyote mwenye akili ya kuvitumia. Mpiganaji wangu hapa angekuwa nyumbani. Anayeonewa ni mwizi. Kazi yake ni kufuli, na kwenye leveli ya 1 ana asilimia 15 tu ya kulifungua.

Deni lilipofutwa

Toleo la tatu la mchezo huo lilitolewa na Wizards of the Coast mwaka 2000. Klasi zote zikapewa jedwali moja la uzoefu. Mchawi aliyebanwa na adui akaruhusiwa kuroga kwa kukaza umakini, ilhali zamani pigo moja lilitosha kuiharibu speli yake. Fimbo za uchawi zikawa kitu cha kutengeneza kwa fedha: fimbo yenye chaji 50 za kufungulia milango ilikuwa na bei ya sarafu 4,500, na mwizi akabaki msindikizaji. Kila badiliko ukilitazama peke yake lilikuwa la busara. Yakikusanywa, mchawi aliondolewa gharama zote akaachiwa mavuno.

Kilele chake kilikuwa druidi, kuhani wa misitu na wanyama, wa toleo la 2003 la mchezo huohuo. Alikuwa na mnyama anayepigana karibu kama mpiganaji, yeye mwenyewe aliweza kugeuka dubu, na akichukua kipaji kimoja tu, yaani uwezo wa ziada ambao mchezaji hujichagulia, akaweza kuroga akiwa bado dubu. Mpiganaji aliyekaa kando yake alikuwa anashindana na mnyama wa kufugwa. Injini hii iliendelea ndani ya mchezo mwingine, Pathfinder ya kwanza (2009), na ina wapenzi wake, hasa wanaofurahia kujenga mhusika kama fundi anayejenga saa. Lakini kama tatizo lako ndilo lile la mnara, usianzie hapa. Nimeieleza kwa sababu michezo mingi iliyofuata inaijibu hii.

Toleo la nne: dawa kali

Mwaka 2008 jibu likaja bila kupepesa macho. Kila mhusika wa leveli ya 1, awe mpiganaji au mchawi, ana mbinu mbili za kutumia wakati wowote, moja ya mara moja kwa pambano, na moja ya mara moja kwa siku. Klasi zikagawanywa majukumu manne: mlinzi, mshambuliaji, kiongozi, na mtawala wa uwanja. Mpiganaji akimshambulia adui anamtia alama. Adui huyo akimgeukia mtu mwingine anapunguziwa 2 kwenye dadu, na kama bado yuko jirani na mpiganaji anakula pigo la ziada. Hatimaye kusimama mbele ya mwenzako kukawa na uzito kwenye kanuni, badala ya kuwa maneno ya kishujaa tu.

Speli za nje ya vita, zile za kufungua, kutafuta na kusafiri, zikahamishiwa kwenye ibada zinazokula muda na gharama, na hata asiye mchawi aliweza kujifunza kuziendesha. Mchawi hakukatazwa kufungua mlango. Ikawa tu rahisi zaidi kumwita mwizi. Kwangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika toleo lile, na ndilo lililosifiwa kidogo.

Lawama kubwa ilikuwa kwamba klasi zote zinafanana. Naona ina nusu ya ukweli. Ukisoma kitabu, kurasa zinafanana kama risiti. Ukikaa mezani, mlinzi na mtawala wa uwanja wanacheza michezo miwili tofauti kabisa. Sharti lake liko kwingine: ubao wenye miraba, sanamu ndogo za wahusika, na subira. Pambano moja la kawaida linaweza kumeza saa nzima, na watu wako kama hawapendi kusogeza vipande ubaoni, uwiano wote huo hautawasaidia.

Toleo la tano: mizani ya siku ndefu

Hili ndilo ambalo watu wako huenda wanalijua tayari, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Lilitoka mwaka 2014, na uwiano wake umefichwa ndani ya saa. Nguvu za mpiganaji hurudi baada ya mapumziko mafupi ya saa moja. Mchawi hungoja mapumziko marefu ya saa nane. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa mwaka huo unakadiria kwamba kundi linaweza kuhimili mapambano sita hadi nane, ya wastani au magumu, katika siku moja, likipata mapumziko mafupi mawili hivi katikati. Ni siku ya ndani ya hadithi, na inaweza kuchukua vikao vitatu vyenu. Wengi huchanganya.

Tuhesabu kwa leveli ya 5. Mchawi ana nafasi mbili za speli za ngazi ya tatu, na anaweza kurudisha moja kwenye mapumziko mafupi. Hayo ni matufe matatu ya moto kwa siku. Kila tufe ni dadu nane za pande sita, wastani 28, kwa kila aliyenaswa ndani. Weka maadui wanne walioshindwa kujiokoa, na zamu moja imekuwa 112. Mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili na nguvu ya 18 hupiga mara mbili kwa zamu, wastani 11 kila pigo. Akitumia msukumo wake wa ziada, nguvu anayorudishiwa kila mapumziko mafupi, anapiga mara nne: 44, tena kama hakukosa hata mara moja, na mara nyingi zote zinamwishia adui mmoja.

Siku yenye pambano moja, basi, ni siku ya mchawi. Anatupa matufe mawili, anajipangusa mikono, anauliza kama wanaweza kulala. Sasa tandaza mapambano saba. Kufikia la tano matufe yamekwisha, speli ndogo anazibania, na zamu nyingi anarusha mshale wa moto: dadu mbili za pande kumi, wastani 11. Mpiganaji yuko palepale kwenye 22, msukumo wake umesharudi mara mbili, na sasa yeye ndiye anayeulizwa kama yuko tayari kuendelea.

Mizani hii inafanya kazi. Nimeiona ikifanya kazi, kwenye pango refu ambalo mlango wake ulijifunga nyuma yao wakakosa pa kulala. Shida ni kwamba meza nyingi hupigana mara moja kwa siku ya hadithi, mara mbili wakikasirika, kisha wanapiga kambi. Kwao kanuni zilezile zinatoa mchezo mwingine.

Kuna klasi moja naitumia kama kipimajoto: yule aliyefunga agano na nguvu za giza ili apewe uchawi. Kwenye leveli ya 5 ana nafasi mbili tu za speli, ila zinarudi kila mapumziko mafupi. Mkipumzika mara mbili ana sita kwa siku, zote za ngazi ya tatu. Msipopumzika ana mbili. Mchezaji wa klasi hii akianza kunung'unika kwamba hana la kufanya, usikimbilie kumbadilishia mhusika. Tazama ratiba yenu ya mapumziko.

Kuhusu lango, toleo hili lilifanya jambo moja zuri sana. Speli nyingi kubwa za kudumu zinataka umakini, na mtu ana umakini mmoja. Kupaa kunauhitaji. Kutoonekana kunauhitaji. Mchawi wangu wa mnarani, ambaye alikuwa kwenye kanuni nyingine, hapa angelazimika kuchagua: apae akionekana na askari kumi na wawili, au asionekane lakini atembee kwa miguu. Bado ana majibu mengi kuliko mpiganaji, ila sasa anahitaji mtu wa kusaidiana naye. Masahihisho ya mwaka 2024 yaliongeza kidogo upande wa pili. Silaha zimepewa umahiri wa kusukuma au kuangusha adui, na mpiganaji anaweza kutumia pumzi yake ya pili, ule uwezo wake wa kujirudishia uhai, kuongeza dadu ya pande kumi kwenye jaribio la ujuzi lililoshindikana. Mpiganaji anayepanda ukuta akateleza, akakaza meno akaendelea, ndiye huyo.

Pathfinder ya pili: hesabu iliyokazwa

Ilitoka mwaka 2019, na haina uhusiano mkubwa wa kikanuni na ile ya kwanza. Kila mtu ana vitendo vitatu kwa zamu, na speli nyingi hula viwili. Ukivuka lengo, yaani namba unayotakiwa kuifikia, kwa 10 unapata pigo kuu. Mpiganaji huanza akiwa ngazi moja ya ubingwa juu ya wapiganaji wa klasi nyingine nyingi, yaani +2. Inaonekana kama senti. Lakini kwa kanuni ile ya 10, nyongeza hiyo mara nyingi huongeza nafasi ya kupiga na nafasi ya pigo kuu kwa pamoja, na baada ya kikao kimoja kila mtu mezani anajua nani ndiye mpiganaji.

Tiba ya kawaida, bila uchawi, hufanywa kwa dakika 10 baada ya pambano, kwa hiyo kila pambano linapangiwa bajeti yake kana kwamba kundi limeingia likiwa zima. Sharti la siku ndefu halikuondoka kabisa, maana speli za mchawi bado zinaisha, ila limelegea sana. Na speli zinazoweza kummaliza mtu kwa kauli moja zina kizuizi: adui akiwa wa leveli ya juu kuliko speli inavyomfaa, matokeo yanapanda hatua moja kwa faida yake. Dubwana kuu haligeuzwi chura kwenye zamu ya kwanza.

Mbele ya lango, kila klasi hupata vipaji vya ujuzi kadiri inavyopanda, na vya juu kabisa ni vya ajabu bila tone la uchawi. Mwanasarakasi aliyefikia ubingwa wa mwisho, akiwa na kipaji kinachostahili, anaweza kuanguka kutoka urefu wowote akatua kwa miguu bila kuumia. Huyo haombi kubebwa na mchawi.

Wanaolalamika hapa ni wachawi wenyewe. Wanasema wamefanywa wasaidizi: pungufu ya 1 kwa adui, nyongeza ya 1 kwa rafiki. Kihesabu wanafanya kazi kubwa, kwa sababu kwenye mchezo huu kila 1 ina thamani. Lakini pigo kuu likitua, wanaompongeza ni mpiganaji. Nikiwa na mchezaji anayependa kuonekana, simpi mchawi wa mchezo huu.

Sharti lake ni kusoma. Kanuni zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa hiyo kisingizio cha gharama hakipo, lakini ni nyingi, na mtu mmoja asiyejua vitendo vyake vitatu anachelewesha meza nzima.

Mchezo ulioliandika sharti

13th Age ya mwaka 2013 nitaipitia haraka, ingawa naipenda. Waliouandika ni Jonathan Tweet, aliyekuwa kwenye toleo la tatu la D&D, na Rob Heinsoo, aliyeongoza toleo la nne. Hapa nguvu zote hurudi baada ya mapambano manne, mlale au msilale. Mkitaka pumziko kamili kabla ya hapo, hadithi inawalipisha: kuna jambo baya linatokea kwenye kampeni. Kile ambacho toleo la tano linakitarajia kimyakimya, hawa wamekiandika kuwa kanuni. Juu yake kuna dadu ya meza nzima inayopanda kila raundi kuanzia ya pili, ikiongeza +1 hadi +6 kwenye mashambulizi ya wahusika, kwa hiyo anayetumia silaha yake kubwa mapema anajipunja mwenyewe.

Wasioupima uwiano kwa madhara

Dungeon World (2012) haijali sana kama nguvu zinalingana. Inajali kama kila mtu anapata nafasi ya kung'ara. Mpiganaji ana dadu ya pande kumi ya madhara na mchawi ya pande nne, lakini kiini ni dadu mbili za pande sita: 10 na zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, chini ya hapo mwendesha mchezo anakugeuzia kibao. Mchawi akipata 8 anachagua mwenyewe maumivu yake: ajiingize hatarini, uchawi wake ulegee, au aisahau speli hiyo. Mpiganaji ana hatua yake rasmi ya kuvunja na kupinda vizuizi. Yaani lango la chuma limetajwa kwenye karatasi yake kama kazi yake. Sharti ni mwendesha mchezo mwenye macho. Hakuna zamu za lazima, na mchezaji mpole anaweza kukaa nusu saa bila kuulizwa kitu.

Ars Magica ya mwaka 1987, ya Tweet huyohuyo na Mark Rein-Hagen, iliamua kukiri kabisa kwamba mchawi ni mkubwa kuliko wote. Kisha ikampa kila mchezaji mchawi wake na mwandani wake, na chini yao askari na watumishi wanaotumiwa na kundi zima kwa zamu. Leo wewe ndiye mchawi mkuu na mimi nakushikia farasi. Kikao kijacho tunabadilishana. Uwiano uko kati ya watu walioketi, si kati ya karatasi zao. Ni suluhisho la ujasiri, na linafaa kundi linalokutana mara kwa mara kwa miaka. Anayempenda mhusika mmoja na hataki kumwacha hata jioni moja atateseka.

Wewe je?

Meza mpya, watu wasiopenda kitabu, vikao visivyotabirika: chukua Dungeon World kama unajiamini kuzungusha macho mezani, au Old-School Essentials kama hamwogopi kufa. Hiyo ya pili uwaambie mapema kwamba mhusika wa kwanza ni wa kujaribia njia, maana nimeona mtu akileta kurasa nne za historia ya mchawi aliyekufa mlangoni.

Kama una watu wanne wanaosoma, wanaopenda mbinu, na ambao wamekwishachoshwa na mchawi anayetatua kila kitu, nenda Pathfinder ya pili bila kusitasita. Wakipenda ubao zaidi ya kitabu, toleo la nne bado linachezeka vizuri. Na kama wanataka ladha ya D&D lakini hawapigani zaidi ya mara mbili kwa siku ya hadithi, 13th Age itawafaa kuliko wanavyodhani.

Wengi lakini hawataki kuhama. Wana vitabu vya toleo la tano na wahusika wanaowapenda. Kwa hao, chukua daftari uhesabu mapambano mliyopigana kati ya mapumziko marefu matatu ya mwisho. Ukikuta moja, moja, mbili, mchawi wako hana kosa lolote, anafuata tu ratiba mliyompa. Mwongozo wa 2014 una lahaja inayosaidia: mapumziko mafupi yanakuwa usiku mmoja wa saa nane, na marefu siku saba. Mapambano yaleyale sita sasa yanaenea wiki nzima ya safari, kasi ya hadithi haibadiliki, na mpiganaji anarudishiwa siku yake ndefu. Zungumza na mchezaji wa mchawi kabla ya kuanza. Kuna speli zake za kudumu, kama ile ya kinga ya mwili ya saa nane, ambazo hazitafika mwisho wa wiki, na ni afadhali alijue akiwa bado anachagua speli kuliko aligundue mbele ya dubwana.